Tunawavutaje wasanii waje kuishi Mikindani? Nyumba za mawe zinadondoka, vijana wanaondoka

Mwana wa Ghubani ameandika:

Wakuu habari za saa hizi. Mi ni mwenyeji wa Mikindani, pale kilomita kama kumi tu kutoka Mtwara mjini ukiwa unaelekea Lindi, mnaopita na basi mnaijua, ule mji wa ghuba unaouona mkono wa pili wa barabara una minazi, mibuyu na magofu. Nimekaa Dar miaka tisa, nimerudi mwaka jana baada ya bibi kufariki, na toka nimerudi kuna kitu kinanikosesha usingizi ndo maana nimekuja kuomba mawazo.

Mji wetu ulikua mji kweli. Misafara ilikua inatoka bara inaishia kwetu, Livingstone mwenyewe alianzia safari yake ya mwisho hapa 1866, Wajerumani wakajenga boma lao 1895. Afu miaka ya 1940 mwishoni wakati wa ule mradi wa karanga wa Waingereza bandari ikajengwa Mtwara, biashara zote zikahamia kule, na sisi tukabaki tunatazama maji. Boma lilikarabatiwa, sahv ni hoteli, linapendeza sana, ila ukishuka chini mitaani nyumba za mawe zenye baraza na milango ya nakshi moja moja inalala kila masika. Iliyolala mvua iliyopita ilikua ya jirani yetu, tulisikia usiku kama lori limemwaga kokoto, asubuhi tukakuta fremu ya mlango imesimama peke yake na ukuta wote upo barabarani, watoto wanapita katikati ya mlango kwenda shule.

Sasa mi nimekua nikiwaza, wasanii. Wachoraji, wachongaji, watu wa muziki, wapiga picha. Dar wanalia kodi za vyumba, hawana sehemu ya kufanyia kazi, sisi tuna nyumba tupu, bahari, utulivu, na mji wenye historia. Kwanini wasije? Nyumba ya bibi ina vyumba vitano, vitatu vina paa. Niko tayari kuanzia na hiyo. Ila sijui pa kushika. Nianze kuita watu mtandaoni? Niende halmashauri? Niandae tamasha? Aliyewahi kuona jambo kama hili likifanyika sehemu yoyote anipe mwanga tafadhali, na kama mnaona ni wazo bovu pia semeni tu.

---

Tezo na Patasi amejibu:

Ndugu yangu hii mada imenigusa mpaka nimeacha kazi nikakaa kuandika. Mi ni mchongaji, kwetu Newala, nipo Dar pale Mwenge toka 2006. Naomba nikuambie kama mtu unayetaka kumvuta, maana mi ndo huyo.

Kwanza jiulize kwanini tulitoka. Watu wa kusini ndo tumeijaza Tanzania hii sanaa. George Lilanga, yule mchoraji na mchongaji, kazaliwa upande wa Masasi 1934, jina kalipata Dar. Tingatinga ni jirani yetu hapo Tunduru, kaanza kuchora Dar 1968 kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya hadibodi, leo dunia nzima inajua. Wamakonde wachongaji ndo usiseme. Hakuna aliyeondoka kwa kukosa utulivu wala bahari, tuliondoka kwa sababu mnunuzi yupo Dar. Kwaiyo ukiniambia njoo Mikindani kuna upepo mzuri, upepo nnaujua, ndo nimezaliwa nao. Niambie nani ataingia mlangoni kwangu siku ya jumanne.

Ngoja nikupe picha. Gogo la mpingo la urefu wa mkono, nikilianza kwa shoka kuondoa ule weupe wa nje mpaka nikutane na weusi wenyewe ni siku nzima. Afu tezo, afu patasi, afu tupa, afu msasa wa aina tatu, mwisho kiwi ya viatu na kitambaa. Kama ni mti wa ujamaa, watu wamebebana kumi na tano, hapo ni wiki tano mpaka sita na kidole kimoja kikikatika pale juu kazi yote imeshuka bei. Sasa mtu wa hivyo hawezi kusubiri mteja miezi minne. Atakula nini? Ndo maana anakuja mtu wa kati, anakupa hela ya unga leo, anachukua kazi ya wiki sita kwa bei anayotaka yeye. Sisi watu wa korosho tunaijua hiyo, ni kangomba ile ile ya mlanguzi kununua mapema kwa bei ya chini, tofauti ni kwamba kwenye korosho serikali inapiga vita kangomba na kuna mnada, kwenye vinyago hakuna anayeuliza.

Kwaiyo ushauri wangu, usianze na tamasha. Anza na watu wawili au watatu, na uwe umeshaongea na ile hoteli ya bomani na lodge za Mtwara mjini kwamba mgeni wao akitaka kuona mchongaji akiwa kazini anashushwa mtaani kwenu. Mgeni akikaa nusu saa akaona weusi wa mpingo unavyotokea kwenye shoka hawezi kuondoka mikono mitupu, hilo nimeliona kwa macho yangu mara nyingi sana, wananunua zaidi wakiona jasho kuliko wakikuta kitu kimepangwa kwenye shelfu.

Halafu la mwisho, gogo lenyewe. Mpingo unahitaji kibali cha kuvuna na kibali cha kusafirisha mazao ya misitu. Mchongaji mmoja mmoja hawezi kuhangaika nayo, anaishia kununua vipande vya njia za panya na kukamatwa navyo. Mkiwa kikundi kilichosajiliwa mnanunua kwenye vijiji vyenye misitu yao ya hifadhi, kule Kilwa vipo, mnapata kitu halali na mtu anachonga akiwa na amani.

---

Bi Ukili amejibu:

Salaam alaykum wanangu. Mi ni mama mtu mzima, nimezaliwa Mikindani na nipo Mikindani, simu hii kaninunulia mjukuu na ndo ananisaidia kuandika. Mwanangu uliyeanzisha, bibi yako namjua, Mungu amrehemu, tulikua tunasuka ukili pamoja barazani hapo hapo kwenye hiyo nyumba unayoisema.

Neno langu la kwanza, mnasema kuvuta wasanii kana kwamba hapa hawapo. Mimi mkeka wa rangi nne wa kulalia watu wawili nausuka mwezi, nakata ukindu mwenyewe, naanika, nachemsha na rangi, nachana kwa ukucha, nasuka ukili kwanza mpaka unafika pima nyingi ndo nashona. Tupo akina mama tisa mtaani kwetu. Wapo vijana wa ngoma, yupo fundi ngoma anawamba ngozi vizuri hakuna mfano. Tukisikia msanii anakuja tunafikiri ni mtu wa kutoka mbali mwenye nywele ndefu na kamera. Hao wakaribisheni, sikatai, ila wakute tumeshakaa barazani, wasije kukuta mji mtupu wakasema wao ndo wameuleta uhai.

La pili na hili nalisema kwa uzito. Kuna mambo ya unyago na jando. Mapiko, ile ngoma ya Wamakonde ya kuvaa kinyago, sio ya kuchezwa kila anapofika mgeni. Watu wa bara ya huku wanaelewa, mwenye kuvaa lipiko, yaani hicho kinyago, hajulikani, na kuna vitu aliyechezwa ndo anavijua na ambaye hajachezwa hapaswi kuvijua. Ngoma za furaha zipo nyingi, sindimba ichezwe mpaka asubuhi, hamna neno. Lakini akija mtu na kamera anataka kuingia kumbini kwa sababu amelipa, mji utakasirika na haki yao. Mwandike kabisa kwenye makubaliano kabla mtu hajashusha begi.

La tatu, wakae kama majirani. Mgeni akifika apelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa, ajulikane, asalimie. Msiba ukitokea aje akae mkekani na sisi. Ukikaa na watu hivyo hata usiposema kitu unapendwa.

---

Mwana wa Ghubani:

Bibi shikamoo. Umenitoa machozi, sikujua kama humu kuna mtu aliyesuka na bibi yangu. Ukili wake mmoja haujaisha bado upo umeviringishwa juu ya boriti, sijaugusa. Na hapo umenirekebisha kweli, nilikua nawaza wa nje tu.

Kaka Tezo swali la jumanne nimelishika. Hoteli nitaongea nao wiki hii. Ila sasa kuna hili la nyumba zenyewe, nani anajua ukarabati? Fundi wa mtaani kaniambia mifuko 40 ya saruji na nondo inakua mpya.

---

Fundi Chokaa amejibu:

Mkuu subiri, usinunue hiyo saruji!! Nimefanya kazi za nyumba kongwe Lindi na Kilwa Kivinje na nimeona uharibifu wa saruji kuliko wa mvua.

Ukuta wa nyumba ya bibi yako ni mawe ya matumbawe na udongo, umepigwa lipu ya chokaa. Ukuta ule unapumua. Maji yanapanda kutoka chini, chumvi ya bahari ipo ndani, chokaa inaruhusu unyevu utoke nje taratibu. Ukiziba na lipu ya saruji unyevu unabaki ndani, mwaka wa kwanza inapendeza kabisa watu wanakusifia, mwaka wa tatu ukigonga unasikia sauti ya mtungi mtupu, nyuma ya lipu udongo umeshageuka uji, siku moja inashuka yote na mawe. Nina uhakika wa asilimia tisini hiyo ya jirani yako iliyoanguka ilishawahi kupigwa saruji, muulize.

Tumia chokaa. Iloweke kwenye shimo wiki kadhaa kabla ya kutumia, ikilala muda mrefu ndo inakua laini kama siagi, changanya na mchanga uliooshwa usiwe wa pwani wenye chumvi. Kazi ya taratibu, unapiga tabaka jembamba unasubiri, ukikimbia inapasuka. Juu paa ndo la kwanza kuliko yote, ukuta wenye kofia unaishi. Boriti kama ni za mikoko zilizooza msikate mikoko wenyewe, kibali kipo TFS, wale wakala wa misitu wa serikali. Na kama nyumba ni ya zamani sana pitia kwanza kwa watu wa mambo ya kale, sheria yetu ya 1964 inalinda majengo ya kale, usije ukavunja kitu ukaingia matatani na nia yako ilikua njema.

Kitu kingine cha kuwaambia wasanii mapema, vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba. Upana unafuata urefu wa boriti ya mkoko, haivuki sana futi tisa kumi. Mtu wa turubai kubwa za ukutani atapata shida, mchongaji na mshonaji wala hawatalalamika.

Afu wazo, mafunzo. Mafundi wa chokaa tumebaki wachache na wengi ni wazee. Ukichukua vijana sita wa Mikindani wakajifunza kwenye nyumba ya bibi yako, hiyo ni kazi ya kudumu, maana nyumba zote zile zitawahitaji. Mi naona hao vijana nao ni wasanii.

---

Kivinje Kwetu amejibu:

Naomba niingie, mi ni wa Kilwa Kivinje kwaiyo ugonjwa wenu ndo wetu, makao ya wilaya yalihamia Masoko sisi tukabaki na magofu na soko la samaki. Nimefuatilia sana mambo haya.

Bagamoyo ndo mfano wa karibu. Watu wanadhani ni tamasha ndo limeifanya Bagamoyo, hapana, ni chuo. Chuo cha sanaa kilianza 1981, tamasha likafuata 1982, yani wanafunzi wanasoma pale miaka, wanapanga kwa akina mama, wanazoea, wakimaliza wengine hawaondoki, wanafungua karakana, wanaanzisha vikundi. Tamasha ni siku chache, mwanafunzi anakula chipsi za mtaa siku mia tatu. Dar angalia Nafasi Art Space, kile kituo cha wasanii, toka 2008 wasanii wanafanyia kazi kwenye makontena tu, lakini kuna wenzao, kuna maonyesho, mtu anajifunza kwa jirani. Msanii anafuata wasanii wenzake.

Nje huko kuna mji Morocco unaitwa Asilah, mji wa wavuvi kama wetu kabisa pwani ya Atlantiki, ulikua umechoka. 1978 wenyeji wawili, mmoja mchoraji, wakaita wachoraji waje wachore kwenye kuta za mji mkongwe, na kila mwaka zinachorwa upya. Mmoja wao baadae akawa meya. Mpaka leo watu wanaenda. Na Marekani kuna Paducah, Kentucky, mji wa watu kama 25,000, mtaa wao wa zamani ulikua umejaa nyumba mbovu, mwaka 2000 mji ukaanza kuwapa wasanii nyumba, nyingine kwa dola moja, sharti ukarabati na uishi humo, na benki ya hapo hapo ikakubali kukopesha gharama zote. Angalieni vizuri hapo, hawakuita wasanii kwa mabango, waliwapa kitu wasichoweza kukipata kwingine, umiliki. Msanii wa Dar miaka ishirini anapanga, hana chake.

Lakini sisi ndo hapo tunapokwama. Nyumba zetu ni za urithi. Babu amekufa 1974, warithi 31, wengine Dar, wengine Unguja, wengine Msumbiji, hakuna hata mmoja anayeweza kusaini na hakuna anayetaka kuziba tundu la bati kwa sababu nyumba sio yake peke yake. Nyumba zinadondoka kwa sababu ya karatasi kabla ya mvua. Mi nyumba yetu ilikufa hivyo, tulibishana miaka minne, ukamaliza ubishi ukuta. Kaka kama bado, itisha kikao cha ukoo kabla ya mfuko mmoja wa chokaa, mteue msimamizi wa mirathi mahakama ya mwanzo, muandike kwamba nyumba haiuzwi, inapangishwa kwa mkataba wa ukarabati, tuseme miaka mitano, msanii anakarabati anakaa bila kodi, muda ukiisha mnakaa tena mezani. Usipofanya hivyo siku nyumba ikipendeza ndo shangazi ambaye hujawahi kumuona atatokea na mwanasheria.

Na jambo la kodi. Mnakumbuka gesi? Mtwara mjini kipindi kile kila mtu alijenga lodge, kodi ikapanda mpaka walimu wanahamia pembeni, afu bomba likaenda Dar na wageni wakaondoka, nyumba zimekaa tupu. Msije mkapandisha bei siku ya kwanza mkiona mzungu mmoja na brashi.

---

Tezo na Patasi:

Kivinje umeongea yangu yote. Mi nikipewa miaka mitano bila kodi na mkataba wenye muhuri, narudi kusini. Sio maneno, narudi.

Niongezee kimoja kuhusu mnunuzi. Msiweke akili kwa watalii peke yao maana barabara yetu mnaijua, 2024 mvua zilivyokata barabara pale Somanga tulikaa siku kadhaa kusini hakufikiki. Kuna mnunuzi wa ndani mmemsahau. Minada ya korosho ikianza Oktoba, mpaka Desemba hela ipo vijijini, mtu anajenga, anaoa, anamcheza mtoto jando au unyago. Huyo anataka mlango, kitanda, kabati, mkeka, picha ya marehemu baba yake ichorwe iwe kubwa ukutani. Nimechonga milango miwili ya Tandahimba kwa simu tu, mteja hakuuliza punguzo. Kwaiyo maonyesho yenu yawekeni Novemba, watu wa plato ya Makonde, kule juu Newala na Tandahimba, wateremke, na mabibo yawepo na ming'oko ichemshwe pale barazani, sio Julai mnasubiri ndege.

Na vijana wajisajili kikundi, ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri ipo, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Akina Bi Ukili tisa tayari ni kikundi hao, wasikopee pikipiki, wakopee ukindu na rangi.

---

Bi Ukili:

Ukindu tunaukata wenyewe mwanangu, tukope rangi na cherehani ya kushonea pindo. Na hicho kikao cha ukoo mniite, kuna mambo ya ile nyumba nayajua mimi, uani kuna kisima kilifukiwa miaka mingi, maji yake yalikua matamu. Mchongaji na watu wake watahitaji maji.

---

Mwana wa Ghubani:

Ndugu zangu asanteni mno. Nimekaa kimya siku tatu nilikua nahangaika. Baba mdogo wa Dar kakubali kikao, wa Unguja atakuja kwa meli mpaka Dar afu basi, tumepanga jumamosi ya pili ya mwezi ujao, barazani hapo hapo. Warithi nimehesabu ni 14, afadhali yetu. Jirani nimemuuliza, ndiyo, ukuta wake ulipigwa saruji miaka sita iliyopita. Saruji sijanunua.

Bibi, jana nimechimba uani pale ulipomwambia mjukuu wako. Futi nne chini nimekuta mdomo wa kisima, umejengwa kwa mawe, mviringo kabisa. Bado nachimba.

Kaka Tezo, chumba cha chini nimekipima leo asubuhi kwa kamba afu kwa tepu. Futi tisa na nusu kwa futi ishirini na mbili. Madirisha mawili yanaangalia ghuba, mwanga unaingia toka saa moja asubuhi mpaka saa nane hivi. Sakafu ni chokaa, imepasuka upande mmoja. Gogo la ukubwa gani linapita kwenye mlango wa futi tatu?

---

Tezo na Patasi:

Linapita. Nitakuja siku ya kikao, niandalieni pa kulala.